Kikuba cha Bi Mashavu

Leo nimefedheheka, na mashahidi wangu ni ukoo mzima anakoolewa dada Zuhura.

Harusi ni Alhamisi. Lakini mama wa bwana harusi, Bi Mashavu, bado anatutazama kama samaki wa jana. Kwa hiyo mama akawaalika wanawake wa upande wao waje leo alasiri uani kwetu, hapa Dunda, wasikilize taarabu. Akamwita Bi Tunu.

Bi Tunu mnamjua. (Asiyemjua hajapata kukaa karibu na gramafoni.) Alianza utotoni Pangani kwa kuwaitikia waimbaji, akaimba Tanga, akaimba Unguja, na katika michezo ya jukwaani aliigiza wazee wa kiume mpaka wake zao wakaona haya. Sasa ni mtu mzima, lakini bado hana mpinzani.

Mama akanipa kikuba cha asumini, kile kishada cha maua cha kubandika kifuani. Bi Tunu akifika kwenye ubeti wa kumkaribisha mkwe, niinuke nimtunze, huku namtazama Bi Mashavu na kutabasamu. Taarabu ndiyo hivyo: ubeti unaotunzia ndio neno lako, na unayemtazama ndiye unayempelekea.

Nikasema naona haya. Mama akanijibu, "Haya utaonea shuleni. Hapa inuka."

Ubeti ukaja:

*Karibu mkwe karibu, nyumba yetu ndiyo yako.*

Nikajikunyata. Mama akanifinya. Nikainuka, macho chini, nikapenya katikati ya wanawake kwa mwendo wa konokono, nikiomba radhi kwa kila mguu niliokanyaga. (Nilikanyaga mingi.) Sikusikia kitu ila moyo wangu. Nilipofika nikambandika Bi Tunu kikuba kifuani, nikageuka, nikamkazia macho Bi Mashavu, nikatabasamu mpaka masikioni. Kama nilivyoagizwa!

Vigelegele havikuja. Ndipo nikasikia kinachoimbwa:

*Kwake hugawa mifupa, kwa watu ataka nyama.*

Ubeti wa mkwe ulikuwa umeshanipita! Na ubeti ukitunzwa hurudiwa. Bi Tunu akaurudia, akaurudia tena, na uigizaji wake wote ukampanda: akachungulia sufuria, akapakua mifupa, akaficha mnofu ndani ya kanga. Mimi bado natabasamu, maana uso ulikuwa umeganda.

Zuhura akajifunika gubigubi. Nikajua nimevunja harusi.

Mara nyuma ya Bi Mashavu akainuka mke wa mwanawe mkubwa. Nikadhani anakuja kunizaba kofi. Akamtunza Bi Tunu leso! Akafuata mke wa mwanawe wa pili, akavua bangili. Ubeti ule ule, na wote wawili wanamtazama mama mkwe wao.

Bi Mashavu akaniita. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Wewe mwanangu umekosea, nimeona ulivyotetemeka," akasema. "Hawa hawakutetemeka."

Basi harusi iko pale pale. Bi Mashavu kaapa wali wa Alhamisi ataupakua mwenyewe, kila sahani na mnofu wake, watu wajionee. Mama hasemi nami. Wake wa wanawe wameniletea halua.

Na Bi Tunu, alipokuwa akijifunga buibui aende zake, akaniuliza kama ningependa kufuatana naye jukwaani, kwani hajapata kuona msichana jasiri namna hii.

Jasiri! Mimi! Atakayecheka, halua hapati.