Idara ya Kupima Mahaba

Umma unatangaziwa kwa taadhima kuwa Idara ya Kupima Mahaba Vitabuni imetimiza malengo yake kwa asilimia mia moja: hakuna mwanamke hata mmoja aliyeumia katika riwaya iliyogongwa muhuri wake. Wamebanwa ukutani, wamefungiwa stoo, wamepigwa makofi ya wivu, lakini kuumia, hapana. Mkurugenzi wa Idara aliiandika taarifa hiyo mwenyewe, akairudia kuisoma na kuridhika kwamba haikutiwa chumvi.

Kazi ya Idara haikuwa na makuu. Riwaya ya mapenzi na upelelezi ikiletwa, tukio lenye utata liliigizwa pale pale ofisini, kati ya kabati la mafaili na meza ya chai, ili kuthibitisha kwamba linawezekana. Likiwezekana, muhuri. Lisipowezekana, Mkurugenzi aliliandikia pembeni kwa wino mwekundu: Haiaminiki. Shujaa aliigizwa na Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye mwenye cheo. Mchumba wa shujaa aliigizwa na dada Karani, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

Siku hiyo mezani palikuwa na kitabu cha ishirini cha mfululizo wa Busu na Pingu, na Mkurugenzi hakuwa na raha. Mfululizo huo aliupenda kufa. Katika vitabu kumi na tisa, mpelelezi wa kike alimgundua muuaji, kisha Inspekta, mchumba wake, akaingia kwa kishindo, akamkamata mpelelezi huyo mkono, akamburuta nje na kupokea pongezi. Mpelelezi naye akalegea kwa mahaba. Mambo safi kabisa. Lakini katika hiki cha ishirini, alipokamatwa mkono tu, mpelelezi alisema, "Unaniumiza. Niachie," akaenda zake na kuimaliza kesi peke yake.

Mkurugenzi alimwita Mwandishi, mama wa makamo aliyeanza mfululizo huo nywele zake zikiwa bado nyeusi tii, akamweleza kwa upole kwamba kitabu kina kasoro ya kiufundi.

"Mama, mkono wa shujaa hauumizi," alisema. "Kifungu cha nne cha kanuni zetu. Shujaa akishika ni mahaba, jambazi akishika ni jinai."

"Na mkono unaoshikwa unajuaje umeshikwa na yupi?"

Mkurugenzi akajibu kwamba hilo ni suala la kitaalamu na kamati itaundwa.

Mwandishi akashikilia msimamo: kitabu kitoke hivyo hivyo au kisitoke kabisa. Hapo Mkurugenzi akakuna kichwa. Naibu Waziri alikuwa njiani kuja kukizindua, ukumbi umeshapambwa, na uzinduzi bila kitabu ungemwaga unga wa Mkurugenzi. Akaamuru jaribio lifanyike mara moja, ili mama huyu ajionee mwenyewe jinsi mwanamke anavyolegea.

Karani akainuka, akaonyesha mkono wake wa kulia. Ulikuwa umefungwa bandeji tangu jaribio la kitabu cha kumi na tisa, na daktari alikuwa amempa cheti cha kumkataza kushikwa kwa mahaba ya aina yoyote hadi mwisho wa mwezi. Mkurugenzi aliikumbuka vizuri siku ile. Aliigiza kwa ufanisi mkubwa. Kati ya ufanisi huo na bandeji hakuona uhusiano wowote.

"Basi mchumba nitakuwa mimi," akakata shauri. Maneno yote aliyajua kwa moyo, na kulegea aliamini hakumshindi mtu. "Tatizo ni shujaa."

"Cheti kinanikataza kushikwa, bosi," alisema Karani. "Kushika hakijataja."

Akapandisha mkono wa shati. Mkono wake wa kushoto ndio aliotumia kuandika, ndio uliofungua makabati yaliyokwama. Alimkamata vile vile alivyokuwa akikamatwa miaka yote, hakuzidisha wala hakupunguza: kidole gumba upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kisha kuzungusha kidogo kuelekea mgongoni.

Mkurugenzi akajikaza kisabuni. Akatabasamu, akayatafuta mahaba. Aliyatafuta begani, akayatafuta kwenye kiwiko, hakuyaona. Kijasho chembamba kikamtoka.

"Unaniumiza! Niachie!"

Karani akamwachia papo hapo. Ndipo Mkurugenzi alipogundua kwamba mtu akiombwa aachie, anaweza kuachia. Wazo hilo lilikuwa jipya kwake, likamwingia vibaya.

Mlangoni alikuwa amesimama Naibu Waziri na msafara wake. Aliuliza kulikoni. Karani akamweleza kwa kifupi, na Mwandishi akakifungua kitabu na kumwonyesha kwamba maneno yaliyosikika hadi kwenye ngazi ndiyo hayo hayo yaliyoandikwa.

"Mkurugenzi, ulikuwa unaigiza?"

Alitamani kusema ndiyo. Akaupapasa mkono wake.

"Hapana, Mheshimiwa. Imeuma."

"Basi inaaminika," alisema Naibu Waziri, na kitabu kikagongwa muhuri. Kisha, kwa kuvutiwa na kipaji hicho kilichofichika muda mrefu, akaagiza vitabu vyote vya nyuma vipimwe upya kuanzia leo, waigizaji wakiwa hao hao na kila mmoja katika nafasi yake ya sasa. Viti vikavutwa. Msafara ukakaa kutazama.

Karani alikuwa ameshafungua kitabu cha kwanza. "Tunaanza na kofi la wivu, bosi. Kitabuni mvua inanyesha." Mhudumu akatoka kwenda kujaza ndoo.

Mkurugenzi akakinyakua kile kitabu, na pembeni mwa lile kofi akaandika kwa herufi kubwa nyekundu: Haiaminiki. Akafunua ukurasa uliofuata akaandika tena, safari hii bila kuusoma. Kisha kalamu ikasimama. Akautazama ule mkono wa bandeji, pengine kwa mara ya kwanza.

"Dada," alisema taratibu, "bado unauma?"

"Kwa mujibu wa kifungu cha nne, bosi, haujawahi kuuma."

Mkurugenzi akakivuta kitabu cha kanuni, akakitafuta kifungu cha nne, akakikata kwa mstari mwekundu kabla ndoo haijafika.