Gari Lisiloonwa na Rada

Safwan alikuwa kwenye duka la magari Wattaya, Maskati, akijifanya mnunuzi ili anywe kahawa ya bure, alipomsikia Bi Rawya akilalamika. Mama huyu wa Kiomani aliyezaliwa Unguja alipenda mwendo, na rada za barabarani zilimpenda yeye. Leseni yake ilikuwa inapumulia mashine: kosa moja tena, inakwenda. Na kesho yake alikuwa na arusi Sohar.

"Bi mkubwa, dawa ipo," Safwan akasema, akamtoa nje kumwonyesha gari lake, lililobandikwa mapande meusi kila upande. "Hii ndiyo ngozi ya zile ndege za kivita. Nyuzi na unga wa kaboni, tabaka juu ya tabaka. Mawimbi ya rada yakigonga bati, hurudi kusema. Yakigonga hii, humezwa, yakawa joto kidogo tu."

Ya ndege yalikuwa kweli. Ya gari, Mungu amsamehe, yalikuwa mpira wa kuzuia kelele kutoka madukani Ruwi.

Asubuhi akampelekea mzigo wa mapande ya kuuza nyumbani kwake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos.

"Kwanza nipe funguo nilijaribu lako," Bi Rawya akasema. "Rada ikiniona, wallahi nakwenda polisi mwenyewe, kosa naliandikisha kwa jina langu. Isiponiona, tutazungumza."

Angekataaje? Akabaki sebuleni, Khawla, dada wa Bi Rawya, akimkirimu halwa. Simu yake ikalia, ujumbe wa polisi kwa mwenye gari: kosa la mwendo, Barka, njia ya Sohar. Ikalia tena: Suwaiq.

"Nani huyo?" Khawla akauliza.

"Mama. Ananisalimu."

"Maashaallah, anakupenda!"

Salamu ya mwisho ilisema leseni ya Safwan imesimamishwa.

Alasiri Bi Rawya akarudi, hina mikononi. "Je, zimeniona?"

Akisema ndiyo, anaokoa leseni na kuua biashara. Tamaa ikamjibia. "Hata moja, bi mkubwa!"

"Alhamdulillahi! Basi sina kosa la kuandikisha, wala deni la mtu."

"Na mzigo je, tuzungumze?"

Bi Rawya akamkonyeza dada yake, Khawla akaleta chetezo kinachofuka udi. Na Maskati, udi ukishapita chini ya ndevu za mgeni, mgeni huyo huaga, awe tapeli au kadhi. Safwan akafukizwa barabara, akainuka na mpira wake.

"Gari zuri, mwanangu," Bi Rawya akasema, akimrudishia funguo. "Ijumaa ntaliazima tena."

Safwan akalitazama gari asiloruhusiwa kuliendesha, akaenda kutafuta teksi, ananukia kuliko bwana arusi.