Kitunguu Saumu Dhidi ya Mwarobaini

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mbaya. Kikao cha kliniki, na daktari mkuu kamsifu Mwarobaini dakika kumi nzima. Jina hilo nimempa mimi daktari mwenzangu wa chumba cha pili, tangu aanze kuchemsha majani ya mti huo. Anataka maji hayo yasafishe mizizi ya meno badala ya dawa ya klorini, ile inayonuka kama choo kilichodekiwa na inayounguza ikipenya nje ya jino. Amejaribu kwenye meno yaliyong'olewa tu. Vijidudu vimepungua, anasema. Sasa huenda akatuwakilisha kwenye mkutano wa madaktari wa meno. Yeye! Ana miaka mitatu hapa. Mimi kumi na moja. Nimeziba meno ya nusu ya mtaa huu na hakuna aliyenipigia makofi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza mama watoto. Nilitegemea anipoze moyo. Akasema kumbe ndiye yule daktari mpole aliyemtibu mama mkwe wangu bila maumivu. Chai ikanishinda.
Lakini palepale jikoni nikaona kitunguu saumu. Kama mwarobaini unaua vijidudu, hiki je? Nimetwanga vichwa tisa, nikakamua, nikachuja kwa soksi safi. Karibu safi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeweka chupa yangu kwenye jokofu la kliniki, mbele ya zile za Mwarobaini, ionekane. Kufika saa nne, watu wa mapokezi wameshika pua. Mgonjwa mmoja kauliza kama siku hizi tunapika.
Mwarobaini akaja kuniuliza, kwa adabu yake inayoniudhi, nimepima kwenye meno mangapi. Nikasema mengi. Ukweli ni jino moja, nalo limetumbukia kwenye bomba la sinki. Akanisihi nisimtilie mtu mdomoni, kwa kuwa kitunguu kibichi kinababua. Wivu huo. Naujua wivu nikiuona.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao tena. Daktari mkuu akauliza kama kuna jipya. Nikasimama, nikasema wapo wanaoogopa dawa zao wenyewe. Nikajaza mdomo maji yangu ya kitunguu mbele ya wote. Nilipanga dakika tatu. Ya kwanza, moto. Ya pili, machozi, nikajitahidi kutabasamu yaonekane ya furaha. Ya tatu sikuifikia. Nimetema kwenye chombo cha maua.
Fizi zimebabuka, shavu limevimba. Na aliyenikalisha kwenye kiti na kunisuuza kwa maji tele ni nani? Mwarobaini. Mkono mwepesi ajabu. Nikazidi kumchukia.
"Kaka," akasema polepole, "kutoka shambani hakukifanyi kitu kiwe cha upole. Ndiyo maana dawa yangu bado iko kwenye chupa."
Akaomba ruhusa ya kupiga picha mdomo wangu, awaonye wenzetu. Ulimi ulikuwa kama gogo. Kutamka hapana nikashindwa.

Jumatatu, 17 Machi
Mkutano. Yeye jukwaani, mimi safu ya mwisho, karibu na mlango. Akakiri kwamba klorini bado inashinda na mwarobaini unahitaji kupimwa zaidi. Watu wakaandika. Kisha picha. Mdomo wangu, mkubwa kama ukuta! Ukumbi mzima ukaguna. Hakuna kitu chake kilichowagusa vile. Na chini yake kaandika "mgonjwa wa kiume". Jina hakuna!
Nilipomkabili akashangaa, akasema alikuwa ananisitiri. Akanikaribisha tufanye kazi pamoja, nimsaidie kuhesabu vijidudu. Kumsaidia? Mimi?
Mama watoto kapiga simu kuuliza ameongeaje. Yeye, si mimi.

Jumanne, 18 Machi
Nimefikiri vizuri. Kosa lilikuwa kitunguu. Nimepata tangawizi kilo mbili, na Mwarobaini hajaiwazia kabisa. Nitaanza na mdomo wangu mwenyewe, ila safari hii natafuta mpiga picha wangu, na jina langu liandikwe kwa herufi kubwa.