Siku Malimi Alipokataa Kutua

Jirani yetu Paskazia, aliyechungulia dirishani, anatangaza bombani kwamba Malimi, mume wa dada yangu, aliiona ardhi akaingiwa hofu, akageuza ndege akakimbia. Enyi watu wa Pasiansi, wekeni ndoo chini msikie. Mimi nilikuwa mkekani nachambua dagaa, na macho yangu hayakubanduka kwenye kioo.

Ndege yenyewe ni ya kwenye kompyuta, haina abiria wala mafuta. Lakini chama cha marubani wa mezani kilikuwa kimempa Malimi jaribio la mwisho, na hakimu wake, Nathaniel wa Igoma, alikuwa akitazama kwa simu. Sheria yao ni hii: ukifika futi mia tano, ndege iwe imetulia, kasi yake, mstari wake, magurudumu chini. Haijatulia, usitue, paa, uzunguke upya. Mara mbili Malimi, mwana wa Maige, asiyejua kurudi nyuma, alilazimisha, akatua kwa kishindo, akakataliwa.

Basi simba huyo wa usukani akashuka juu ya ziwa, mawe ya Mwanza yakimpisha, kasi ikimtii kama ng'ombe aliyezoea zizi. Futi mia nane. Ndipo akaingia mama yetu mzazi, mkwe wake. Na ni nani katika ukoo wetu aliyewahi kubaki kitini mkwewe amesimama? Malimi akaachia usukani, akainuka, akainamisha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za hapa?"

Zikaja habari za watoto, zikaja za mihogo, na ndege nayo ikazidi kuinama kuliko yeye.

"Shemeji," nikasema, "mia tano hiyo, na imepinda."

"Si ulazimishe tu," Nathaniel akacheka simuni. "Ndizo zako."

"Ewe hakimu wa Igoma," akanena shujaa, bado amesimama, mkono mmoja ukiufikia usukani, "nyumba hii imebeba aibu mbili, ya tatu siiongezi. Situi."

Akaipa injini nguvu zote, akapaa, akazunguka ziwa lote mbele ya macho yetu, akarudi ametulia, akagusa ardhi pasipo hata kishindo cha kumwamsha kuku.

"Umepita," akasema Nathaniel. "Kwa ule mzunguko. Kutua kila mtu anatua."

Iandikwe basi, wajukuu wasome: Alhamisi ile, saa kumi alasiri, mwanamume wa Pasiansi aliuona uwanja uko mbele yake, akauacha, na uwanja ukamngoja.

Mama, ambaye sasa alikuwa amekalia kiti cha rubani, akajifunga kanga vizuri.

"Hongera, baba. Kwa kuwa wamekupitisha, nifikishe Bukoba kwa dada yangu. Nina kikapu kimoja tu."

Malimi akainamisha macho, akapokea kikapu.