Dakika Tatu za Maporomoko

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba sasa tunao utaratibu kamili wa kutazama maji yanayoanguka. Zamani watu walitazama kiholela. Mtu anafika kwenye maporomoko, anasimama, anashangaa mpaka achoke mwenyewe. Mimi, Afisa Mwandamizi wa Muda na Mtazamo, nilikomesha hayo kwa kanuni moja: kila mgeni ana dakika tatu, kuanzia anapokanyaga ubao wa kwanza wa njia ya mbao, na zikiisha anageuka kurudi, bila kujali cheo. Mheshimiwa Waziri aliisaini siku hiyohiyo bila kuisoma, jambo linaloonyesha jinsi anavyotuamini.

Dakika tatu hatukuziokota barabarani. Njia ina hatua mia mbili hadi kwenye jukwaa la kutazamia, kwa hiyo nilipima hatua mia mbili kwenye korido ya wizara, ambayo ina zulia na mwisho wake ni kantini. Nilitumia dakika moja na nusu. Ilikuwa karibu saa saba mchana.

Langoni tulimweka mlinzi, dada mmoja mwenye saa ya kupimia muda, filimbi, na moyo usiojua utani. Nilimchagua mwenyewe.

Shida ilianza na mama wa fundi seremala. Fundi ndiye aliyeijenga njia ile, na mama yake alitaka kuyaona maji kabla macho hayajamwishia. Daktari alikuwa amempa miezi michache tu ya kuona. Goti nalo lilikuwa bovu. Jumatatu filimbi ilimkuta kwenye kona ya njia; maji huyaoni mpaka ufike jukwaani, pale unayasikia tu. Jumatano ikamkuta palepale. Ijumaa alijikaza, akaivuka kona kwa hatua mbili, akarudishwa.

"Basi nimbebe, bosi," fundi aliniambia.

"Ukimbeba, kisheria aliyetembea ni wewe. Yeye atahesabiwa kuwa mzigo, na mizigo inaachwa langoni."

"Mama yangu ni mzigo?"

"Kwa muda tu."

Fundi alimshika mama yake mkono wakaondoka polepole. Sitaficha, niliona aibu, ila sikupata kifungu cha kuiingiza.

Ikafika siku ya uzinduzi. Waziri alipanga kuhutubia pale kwenye kona, kwenye mwanga mzuri wa picha, kisha asonge mbele kuyaona maporomoko kwa mara ya kwanza maishani. Kwa heshima yake niliongeza kifungu: Waziri akizungumza, saa inasimama. Mama wa fundi naye nilimtia kwenye msafara, abebe maua. Nadhani ndiyo ile aibu iliyonisukuma.

Waziri alifika kwenye kona kwa dakika moja, akashika maikrofoni, saa ikasimama. Alizungumza dakika hamsini. Mama aliendelea kutembea taratibu, akatupita sote. Hakuna aliyemzuia, maana kila mtu alidhani mtu mwenye maua yumo kwenye ratiba. Akafika jukwaani, akaegemea ukingo, akatazama maji mpaka hotuba ikaisha, kisha akaanza kurudi.

Saa ikaanza tena. Mheshimiwa akapeana mikono, akapiga picha, akarekebisha tai, akapiga nyingine. Ndipo akaanza kutembea. Filimbi ikalia zikiwa zimebaki hatua tano kufika jukwaani.

"Muda umeisha, Mheshimiwa," mlinzi alisema. "Tugeuke."

"Wewe dada, unanijua mimi?"

"Nakujua, baba. Sahihi yako iko ukurasa wa pili, chini ya maneno 'bila kujali cheo'."

Aligeuka kunitazama. Mimi nikatazama mbao, ambazo kwa kweli zilikuwa zimepigwa randa vizuri sana. Kamera zote zilikuwa zikirekodi, na muda mfupi tu uliopita alikuwa ameisifu kanuni hiyo kwa dakika kumi na mbili nzima. Akageuka kurudi.

Langoni waandishi wa habari walikuwa wakimsubiri aeleze alichokiona. Mama wa fundi alikuwa anatembea mbele yetu, uso umelowa, anacheka peke yake. Waziri akamsogelea, akanipa ishara nishike kalamu.

"Mama," alinong'ona, "hebu nieleze, yakoje hayo maji?"

"Mazuri sana, mwanangu. Ungenyamaza kidogo tu, hata wewe ungeyasikia."