Baridi Yangu Imehamia kwa Shemeji

Kwa Bwana Mpimaji Mkuu wa Ardhi,

Mheshimiwa,

Pole na kazi. Mimi ni mkulima wa kahawa, shamba langu ni lile la katikati ya mlima ulilolipima mwenyewe, ukakanyaga miche yangu nami nikanyamaza kwa heshima. Anayepakana nami upande wa juu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulipokuwa tunanunua ardhi, mimi nilichagua hapa kwa sababu baridi yake ilikuwa ya kiasi, inayopendwa na mibuni. Yeye aliangukia kule juu ambako hata viazi vilikuwa vinatetemeka, tukamwita Bwana Blanketi. Sasa nalalamika hivi:

1. Baridi yangu imepanda kwake. Zamani mke wangu alichuma kahawa akiwa na sweta. Siku hizi anachuma huku akijifuta jasho, na maua yanakauka kabla ya kufunga tunda. Sweta analo Shemeji. Nimemwona nalo kwa macho yangu.

2. Mvua inapita juu ya paa langu bila hodi, inakwenda kutua kwake. Ilinikumbuka wakati wa kiangazi, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye vichanja, ikaota ukungu yote. Shemeji alikuja kunipa pole na mwavuli mkononi.

3. Yule mdudu anayetoboa buni, ambaye baridi ilikuwa inamfukuza, amehamia kwangu na ukoo wake. Bwana shamba alipokuja akaniambia joto limeongezeka dunia nzima. Nikamjibu kwamba dunia nzima siijui, ninachokijua ni mipaka yangu: upande huu wa ua baridi imepungua, upande wa pili imetosha. Hilo si suala la dunia, ni wizi. Akavua kofia, akaniomba maji ya kunywa.

4. Shemeji amepanda kahawa, na imebeba mpaka matawi yanagusa chini. Mke wangu huenda kumsaidia kuchuma na kurudi akiimba. Juzi, bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria, aliniambia kwamba kama mibuni yangu haiwezi kumfuata kaka yake, yeye anaweza. Nilikaa pale jikoni mpaka chai ikapoa, na hicho ndicho kitu pekee kilichopoa kwangu mwaka huu.

Kwa hiyo naomba uje na kamba zako, upime baridi yangu ilipokuwa inaishia, uweke mawe ya mpaka. Ikiwa haipimiki, shamba langu lisogezwe juu hadi ilipo, na Shemeji naye asogee. Nasikia huko kileleni ni majabali tu. Mlima ukiisha kabla hatujaenea, ofisi yako iuongeze.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, na yule dereva aliyekwama kwenye matope, enzi tulipokuwa na matope.

Wako mtiifu,
Mkulima wa Katikati

Tanbihi: Utapata barua ya mkulima wa bondeni. Michungwa yangu, iliyokuwa haizai kwa sababu ya baridi, mwaka huu imezaa, naye anadai imezaa kwa joto lake lililopanda kwangu, na anataka lirudishwe pamoja na machungwa. Tafadhali mpuuze. Mweleze kwa upole kwamba hewa haina hatimiliki, na kwamba mtu mwenye akili timamu hamshtaki jirani yake kwa sababu ya hali ya hewa.