Kiazi Moto Nyuma ya Kipimajoto

Jumanne, 8 Januari
Na ndiyo maana nasema, mtu asioe mpika bia chachu majira ya baridi! Ndoa yetu bado changa, na Hanne wangu kila siku ya kupika hulala kiwandani kwa baba yake, ng'ambo ya bonde. Analinda beseni la shaba lililo wazi darini, maji ya kimea yapoe na hewa ya kijiji chetu cha Gooik iyatie hamira. Hewa inalala naye, mimi nalala na mto! Nanusa foronya. Inanukia shayiri. Lo, mke wangu! Eti watapika hivi hadi mwisho wa Machi.

Jumatano, 9 Januari
Wazo! Usiku ukiwa na joto hawapiki, bia huharibika. Na Baba Odilon, baba mkwe wangu, huamua kwa kusoma kipimajoto cha ukutani. Nimechemsha kiazi, nikakitia ndani ya soksi, nikakificha nyuma yake. Kisha nikaingia kumsalimia Hanne. Alikuwa akiosha mapipa: maji ya moto na minyororo hutiwa ndani kwa tundu la ubavuni, halafu pipa linazungushwa, linanguruma kama radi. Alinieleza kwamba kila pipa likifika huoshwa hivyo kwanza, bila hata kufunguliwa kifuniko. Sikusikiliza sana. Nilikuwa naangalia mashavu yake.
Mzee akasoma digrii kumi na tano, akakuna kichwa, akasema leo hatupiki. Hanne karudi nyumbani! Tumekula mkate na jibini laini. Dunia tamu!

Alhamisi, 10 Januari
Msiba. Asubuhi mfereji umeganda barafu. Mbwa wao kala kiazi, kampelekea mzee soksi. Soksi aliyonifumia Hanne, yenye jina langu.
"Wannes, mwanangu," mzee alisema taratibu, "umenipotezea usiku mzuri kuliko yote mwaka huu. Usikanyage hapa mpaka Machi iishe."
Hanne alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanipa habari mbaya. Usiku uliopotea lazima ufidiwe, kwa hiyo atalala huko mfululizo.
"Na Jumapili nilikuwa nimeomba ruhusa nije kwako," akasema. "Baba alishakubali."

Jumapili, 13 Januari
Nimesimama upande wangu wa bonde. Mvuke unatoka kwenye vigae vya paa lao. Umepita usoni pa Hanne kabla ya kufika angani! Nimeupungia mkono. Jirani kauliza namuaga nani. Nimesema, bia.

Jumatatu, 14 Januari
Furaha! Tarehe ishirini na tisa binamu yangu atawapelekea mapipa matupu ya divai kwa lori lake. Moja analo uani. Nimejaribu: nikikunja magoti naenea vizuri kabisa, na kifuniko kinafunga. Mzee kanikataza kukanyaga pale. Sitakanyaga, nitabingirishwa! Na kuosha mapipa yakifika ni kazi ya Hanne, mikono ya kwanza kunigusa itakuwa yake. Vumilia, kipenzi. Kabla mwezi huu haujaisha, nakuja kukutembelea.